Punguzo au zawadi? Duka langu la Chake na la dada yangu Darajani

Kila Ramadhani ikikaribia simu yangu haipumui, mara shoga kafungua duka la baibui Wete, mara kijana anauza sabuni za mwani Paje, na suala ni lile lile, "Dada, niweke ofa ya asilimia ngapi?" Na mie kila siku huwarudishia suala juu ya suala, kwani nani kakwambia ofa lazma iwe asilimia? Kuna punguzo la bei, kuna nyongeza, kuna kadi ya mihuri, kuna pointi, kuna vocha ya kurudi, na kila moja ina duka lake na ina msimu wake.

Mie nauza mafuta mazuri ya kunukia, udi na ubani hapa Chake Chake, Pemba, huu mwaka wa 9. Dada yangu mkubwa ana duka la vitu hivyo hivyo Unguja, Darajani, kwenye vichochoro vya nyuma ya soko. Mzigo tunachukua kwa mtu mmoja, bei ya kununulia ni moja, tofauti ni nauli ya boti tu, na juu ya hayo ofa inayonifaa mie huku yeye kule inamtia hasara, na yake nikiileta Pemba nafunga duka. Ndo maana nimeona niziweke duka kwa duka hapa mtu ajichagulie.

Hesabu kwanza, maneno baadae

Chukua kichupa cha mafuta mazuri cha 10,000. Mpaka kikae kabatini kwangu kimeshanila 7,000, kwa hivo faida 3,000. Shika namba hizi maana nitazirudia.

Ukipunguza asilimia 10 mteja analipa 9,000, na wewe unajisemea ah, kitu kidogo tu. Si kidogo. Ile 1,000 haikutoka kwenye bei, imetoka kwenye faida, umekata thuluthi nzima ya chako. Ulikuwa ukiuza vichupa 10 unapata 30,000, sasa kuipata hio 30,000 lazma uuze 15. Asilimia 20 ndo balaa, kila kichupa kimebakisha 1,000, utauza 30 kupata kile kile ulichokuwa ukipata kwa 10. Jiulize, bango lako litaleta watu mara tatu? Duka langu mie halijawahi.

Sasa ile inayopendwa na kila mtu mtandaoni, nunua viwili pata kimoja bure. Mteja kalipa 20,000, kaondoka na vichupa vitatu, vitatu vimekugharimu 21,000. Umemlipa 1,000 aje akuchukulie mali yako! Hio ofa ni ya mtu ambae kitu chake kinamgharimu chini ya nusu ya bei, sabuni za kutengeneza mwenyewe nyumbani kwa mfano, yule kijana wa Paje inamfaa sana tu. Mie niliekwenda kununua mzigo mkono wa tatu hainifai hata kwa dawa. Nunua vitatu upate cha nne, hapo angalau, unaingiza 30,000 umetoa 28,000, inabaki 2,000 kwa vichupa vinne, lakini hio nifanye kwa mzigo unaokaribia kuchuja harufu tu.

Kadi ya mihuri, nunua 10 cha 11 bure: unaingiza 100,000, mali iliyotoka ni 77,000, faida 23,000 badala ya 33,000. Ukiigeuza ni kama umepunguza asilimia 9. Karibu sawa na lile punguzo la asilimia 10, eti? Lakini hapa unatoa baada ya mtu kurudi mara kumi, sio kabla, na asiemaliza kadi hujampa kitu. Kwa lile la asilimia 10 unampa hata aliekuwa anapita njia kwenda stendi.

Na nyongeza ndo nnayoipenda mie. Pakti ya ubani nauza 2,500, imenigharimu 1,800. Mteja akichukua kile kichupa cha 10,000, nikimwambia nimekukatia 2,500 nimebaki na 500. Nikimpa ubani juu yake nimebaki na 1,200, na yeye machoni mwake kapata kitu cha 2,500 kile kile. Kila zawadi ya bidhaa iko hivo, mteja anaihesabu kwa bei ya kabatini wewe unaihesabu kwa bei ya jumla.

Darajani punguzo linaliwa mara mbili

Dada yangu aliwahi kubandika karatasi nyekundu kubwa, asilimia 20, wiki moja kabla ya Iddi. Nilikuwepo, nilikwenda kumsaidia. Anaingia mama mmoja na binti zake wawili, kaangalia karatasi, kakinusa kichupa, kauliza.

"Hichi ngapi?"

"Elfu kumi bi mkubwa, kwa ofa elfu nane."

"Haya, na bei ya mwisho?"

"Hio ndo ya mwisho, ni ofa."

"Ofa ya watu wote hio mwanangu, mie na weye je? Nipunguzie basi, nachukua viwili."

Kaondoka navyo kwa 15,000 viwili, 7,500 kimoja, faida 500 kwa kichupa kabla hujatoa umeme na mshahara wa kijana. Na huyo mama hana kosa lolote, soko letu ni la kupatana, bei ya kwanza ni salamu tu. Ukiishusha salamu, mazungumzo yanaanzia chini. Supamaketi lebo imeshabandikwa na hakuna wa kujibizana nae, ndo maana asilimia kule inafanya kazi. Kaunta ya Darajani mteja anapatana na mtu, sio na lebo.

Baada ya Iddi ile dada kageuza. Bei inabaki 10,000, kupatana kupo kama kawaida, lakini chini ya kaunta ana boksi la pakti ndogo za ubani na vijichupa vya kuonjea harufu. Mteja akifika "bei ya mwisho", dada anatoa: "Elfu kumi, na huu ubani nakupa uchome leo Magharibi." Mkono umeshaanza kufungua pochi. Nyongeza inafunga mapatano, punguzo linayafungua. Sikumfundisha mie hio, wauza ndizi na wauza samaki walikuwa wakiijua kabla yetu, mtungo umeshapatanwa bei mtu anaongezewa kisamaki kimoja juu.

Ila nyongeza ina ugonjwa wake, kijana wa dukani anaigawa kama ya baba yake. Dada sasa anahesabu pakti asubuhi 20, jioni zilizobaki plus zilizoandikwa kwenye daftari lazma zirudi 20. Kila alietoka na ubani kaandikwa kanunua nini. Bila hivo usiianze.

Chake, tatizo ni jirani

Huku kwetu wa kugombana nao bei si wengi, wateja wangu ni wale wale, nawajua mpaka ndoa za watoto wao. Tatizo la Chake ni kwamba nikimpunguzia mtu mmoja saa nne asubuhi wa Machomane, ikifika Alasiri na wa Tibirinzi wanajua. Na bei ya ofa haisahauliki! Wiki mbili karatasi imeshatoka mlangoni mtu anakwambia "mbona juzi elfu nane?", sasa wewe ndo mwizi, 10,000 yako ya halali imegeuka umepandisha. Nilifanya punguzo la wiki moja mwaka wangu wa pili, nikahangaika nalo miezi minne.

Ndo nikaenda kwenye kadi. Na hapa kuna kitu nilikisoma nikakijaribu. Marekani watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha mwaka 2006 jaribio walilofanya sehemu ya kuoshea magari. Kadi 300. Nusu zilikuwa na nafasi 8 tupu, gonga nane uoshewe bure. Nusu nyengine zilikuwa na nafasi 10 lakini mbili zimeshagongwa zamani. Kazi ni ile ile, wote wanatakiwa kurudi mara nane. Waliopewa kadi tupu waliomaliza ni asilimia 19, waliopewa iliyoanzwa ni asilimia 34. Mtu akiona safari imeshaanza haachi njiani.

Basi kadi zangu zikawa na nafasi 12, mbili nagonga mwenyewe mbele ya mteja wakati namkabidhi, na namwambia "hizi mbili za ujirani". Sina takwimu za kitaalamu, nna daftari, na daftari linanionesha kadi nnazozipokea zikiwa zimejaa zimeongezeka kweli kweli. Kuna bi mkubwa wa Wawi anaifunga kadi yake kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, ikitoka imekunjwa mara nne, wino umeshafifia, lakini kila muhuri anaujua aliupata siku gani na alinunua nini.

Darajani kadi hii dada aliijaribu ikafa. Alichapisha 200, zote ziliondoka, zilizorudi zimejaa hazifiki vidole vya mkono mmoja. Wapita njia wale, leo kaja wa Nungwi kununua ya harusi, atarudi lini? Na mtalii ndo usiseme, kesho kutwa yuko kwenye ndege.

Pointi je?

Vijana wanazipenda pointi kwa sababu zinaonekana za kisasa, kila 1,000 pointi moja, ukifikisha 100 unakatiwa 5,000. Hio ni asilimia 5, mwenye duka inamtoka kidogo kuliko kadi. Lakini pointi kwanza lazma ujue namba ya simu ya kila mteja na uiandike pahala, na tafadhali sio kwenye daftari lililo wazi juu ya kaunta kila mtu anasoma namba za wake za watu. Pili, pointi ni deni. Zile 5,000 ambazo watu hawajazichukua umeshawapa, zinakungoja, na zina tabia ya kuja zote siku moja, mkesha wa Iddi. Ziwekee mwisho, mie ningeweka miezi 6, na umwambie mtu siku anayojiunga, sio siku anayokuja kuzidai. Kwa duka la mtu mmoja na kijana wake kadi inatosha. Pointi ni za mwenye maduka mawili matatu na kompyuta, au anaeuza vitu vya bei tofauti sana, maana muhuri haujui kama umenunua cha 3,000 au cha 60,000. Mie nimelitatua kwa kusema muhuri mmoja ni kila 10,000, basi.

Watalii na komisheni

Hapa ni dada peke yake, Pemba hii sina cha kusema. Mgeni anaeletwa dukani na muongozaji au papasi, yule kijana anaewafuata watalii njiani, aliemleta anataka chake, na hio komisheni ni promosheni vile vile hata kama hujaiandika popote. Kosa la wengi wanatoa komisheni na punguzo kwa mauzo yale yale. Kichupa faida 3,000, papasi 1,500, mgeni kakatiwa 1,000, umebaki na 500 na tabasamu. Dada anachagua moja, mgeni aliekuja na mtu hapati punguzo, anapata fungu: vitu vitatu vidogo ndani ya kikapu cha ukili, bei moja. Fungu ni zuri sana kwa mgeni, hawezi kukokotoa kitu kimoja ni shilingi ngapi, ni zawadi tayari ya kupelekea kwao, na wewe unaingiza ndani na kile kilicholala stoki. Ofa yake ya bei anaiweka masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mji umelala na mahoteli yenyewe yanashusha.

Wakati gani

Hili watu wanalikosea kuliko asilimia. Kumi la mwisho la Ramadhani usipunguze kitu! Udi wa Iddi mtu atanunua tu, hata ukimpandishia, Darajani usiku ule huna pa kuweka mguu. Ukipunguza hapo unawapa pesa watu walioshakuja nazo mkononi. Fanya hivi: anaenunua kumi la mwisho mpe vocha ya 2,000 ya kutumia kuanzia wiki ya pili ya Mfunguo Mosi, kwa manunuzi ya kuanzia 10,000. Watu washamaliza sikukuu, mifuko mitupu, duka limepoa, lakini harusi zilizokuwa zimesimama Ramadhani zinaanza, na bibi harusi hatoki bila udi. Vocha inamleta kwako badala ya kwa jirani.

Kwetu Pemba kuna na karafuu. Majamvi yakishatandazwa barabarani na njia nzima inanukia, watu wakishapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wakalipwa, kuna pesa. Wakati huo mie sipunguzi, nauza chupa kubwa kwa nyongeza. Na kabla ya karafuu, ile miezi mikavu, ofa ya kweli anayoitaka mteja wangu sio asilimia 10, anataka nimkopeshe mpaka achume. Wataalamu wa mtandaoni hawaiandiki hii, lakini mkopo wa daftari kwa mteja alokwisha maliza kadi mbili ndo zawadi iliyonifungia wateja kuliko zote. Nawapa hao tu, na kiwango ni 30,000. Asiemaliza kadi akiomba nampa maji ya kunywa na maneno mazuri.

Neno la siri, na siku nilioumbuka

Mwaka juzi nikajitia kisasa, nikaweka stetasi WhatsApp, ukija dukani sema MFUNGUO unakatiwa 2,000. Neno hilo nilitaka kuliita promo kodi, kama wanavyosema Kiingereza, kijana wangu kanikataza, kasema watu wakisikia kodi watadhani nakusanya ya ZRA, mamlaka ya mapato. Sawa, neno la siri. Sikuandika ununue kuanzia shilingi ngapi. Sikuandika mtu mmoja mara ngapi. Sikuandika mwisho lini. Mtu kapiga skrinshoti kalitupa kwenye magrupu, na kabla ya Adhuhuri kijana ananipigia, "Dada, watu wanachukua ubani wa 2,500 wanalipa 500, niwape?" Walishachukua pakti 38. Kila moja nimepoteza 1,300, piga mwenyewe, karibu elfu hamsini, na waliochukua hakuna hata mmoja alienunua mafuta. Nikamwambia waliokwisha fika dukani uwape, tumeshasema, ndo nikafuta stetasi. Neno la mwenye duka likivunjika hapa Chake hulinunui tena kwa elfu hamsini.

Kwa hivo punguzo la shilingi kavu bila kima cha chini ni mlango wazi, la asilimia angalau linajilinda lenyewe, asilimia 10 ya ubani ni 250. Siku hizi vocha zangu zina maneno manne: kuanzia 10,000, mara moja, mwisho tarehe fulani, haichanganywi na ofa nyengine. Hilo la nne muhimu, mtu mwenye kadi iliyojaa na vocha na anataka nyongeza juu anakuja, wallahi anakuja.

Na anaerudisha kitu anarejeshewa alicholipa, sio bei ya kabatini. Kama alipata zawadi juu yake, na zawadi irudi. Risiti itoke na bei aliyolipa kweli baada ya punguzo, ukitoa risiti ya 10,000 umepokea 9,000 utakuja kulipia kodi pesa ambayo hukuiona.

Droo na bahati nasibu sijazigusa na sizigusi. Wateja wangu wengi wanaona kununua ili uingie droo kuna harufu ya kamari, na mie sitaki ubishi huo kaunta. Halafu kuna kisa cha Pepsi kule Ufilipino 1992, namba chini ya kifuniko cha soda, zawadi kubwa peso milioni moja, wakatangaza 349, kumbe vifuniko vya 349 vilishachapishwa mamia ya maelfu. Watu wakamiminika kudai, kampuni ikakataa kulipa ile milioni, kukazuka vurugu na watu wakafa. Wenye pesa na mawakili wao yaliwakuta hayo, seuze mie na kijana wangu mmoja.

Kwa anaeanza sasa na kuniuliza, mie ningesema anza na nyongeza mwezi mmoja, haina bango, haina kuchapisha, ukiona haikufai unaacha kesho na hakuna anaekudai. Ukishaona nyuso zinajirudia ndo uchapishe kadi, 50 tu kwanza. Kama nyuso hazijirudii kaa na nyongeza yako na mafungu.

Na kadi ukichapisha, kuwa makini na muhuri. Wangu wa mwanzo ulikuwa nyota, niliununua duka la vifaa vya skuli. Msimu uliopita nikapokea kadi mbili zimejaa kabla hazijamaliza mwezi, nyota nzuri, wino wa zambarau. Mie natumia buluu. Nikamuangalia yule mtoto aliezileta, kaangalia chini. Mama yake mwalimu. Nikampa kichupa kimoja cha kuonjea, kadi nikazichana, na wiki ile ile nikenda kwa fundi mihuri nikachongewa wa chetezo chenye moshi unaopindia kushoto.